Huyu ni mwanaume huyu

Wiki mbili zilizopita nilipata pancha kati ya Lamadi na Bunda, saa nane mchana, jua la kuanika dagaa. Nilikuwa peke yangu naenda Musoma kumuona mama. Basi nikawasha hazadi, nikakata matawi mawili nikayatupa nyuma ya gari kama wanavyofanya madereva wa malori, nikatoa jeki na wilispana, kazi ikaanza. Nati moja ilikuwa imegoma kabisa, aliyeikaza nadhani alikuwa na hasira na dunia nzima, ikabidi nipande juu ya spana na miguu miwili nirukeruke mpaka ikalegea. Kuja kugeuka, kuna wazee wawili wamekaa chini ya mti ng'ambo ya barabara na baiskeli zao, wananiangalia kama watu wanaoangalia mpira. Hawakuniuliza kama nataka msaada na mi sikuwaomba. Nilipomaliza nikavuka kuwasalimia maana ndivyo tulivyolelewa, shikamooni wazee, marahaba binti, halafu mmoja akamgeukia mwenzake akasema kwa sauti ya kuridhika kabisa: "Huyu ni mwanaume huyu. Basi tu Mungu kamvisha kitenge."

Nilicheka. Na nitakuwa muongo nikisema sikufurahi, nilifurahi sana tu, niliendesha mpaka Bunda nimepandisha mabega kama nimeshinda uchaguzi. Ila nilipofika Bunda kichwa kikaanza kufanya kazi. Hivi mbona sifa yenyewe imekaa hivi? Kazi nimefanya mimi, jasho langu, kucha zangu zimejaa grisi, lakini risiti imeandikwa jina la mtu mwingine. Na sio yule mzee peke yake, lugha yetu yenyewe ndo ilivyo, mwanamke shupavu tunamwita jike dume na yeye anapokea kama zawadi. Sijawahi kusikia mwanaume anayejua kubembeleza mtoto au kupika pilau la maana akaambiwa kwa sifa "we ni mwanamke bwana". Akiambiwa hivyo hapo ni ngumi.

Sasa mi nikishikwa na kitu hivi siachi, nimesoma kwelikweli wiki hizi mbili, usiku bando inaisha nanunua nyingine. Na nilichokuta ni kwamba yule mzee wa Lamadi ana wenzake dunia nzima.

Lakini nianze na jirani yetu. Pale Musoma nilikokulia, nyumba ya tatu kutoka kwetu kulikuwa na bibi mmoja wa Kikurya. Ntamuita Bibi tu. Bibi alikuwa na ng'ombe huko kijijini kwao, alikuwa na kiduka, alikuwa na fimbo, na alikuwa na mke. Tukiwa watoto hatukuona ajabu yoyote, sisi tulijua pale kwa Bibi kuna yule dada mpole aliyeolewa na Bibi, na wale watoto watatu tunaocheza nao rede ni wa pale, na jioni kuna baba mmoja huwa anapita anakunywa chai anaondoka. Wale watoto walikuwa wanamwita Bibi bibi, na jina la mwisho walilokuwa wanaandikisha shule ni la ukoo wa Bibi, sio la yule baba wa chai. Nimekuja kushtuka nikiwa mkubwa, chuoni, mwenzangu wa kutoka mkoa mwingine aliponiambia nimetunga hiyo stori.

Hiyo ndo nyumba ntobhu. Mwanamke wa Kikurya ambaye hakupata mtoto wa kiume, mjane mara nyingi, anatoa mahari ya ng'ombe kama wanavyotoa wanaume, anaoa msichana, na msichana anachagua mwanaume wa kuzaa naye, watoto wanaozaliwa ni wa nyumba ya yule mama. Na niseme mapema maana najua watu wanavyowaza, hapo hakuna habari za kitandani kati ya hao wanawake wawili. Habari ni ya mji na mali. Bila mtoto wa kiume mji unafungwa, ng'ombe wanarudi kwa ndugu za mume, na mama uliyehangaika miaka arobaini unabaki unaangalia. Wazee wengine wanakueleza kwamba yule binti ni kama ameolewa na mtoto wa kiume ambaye hakuzaliwa, kwa hiyo Bibi hapo ni kama mkwe, wengine wanasema hapana, Bibi ndo mume. Mi nilikuwa naona tu kwamba Bibi alikuwa anakaa kwenye kiti chenye mgongo na wageni wa kiume walikuwa wanampa heshima ile ya kuvua kofia.

Wasichana nao wana sababu zao. Wengi wanasema kwenye nyumba ntobhu hupigwi. Hiyo ndo sababu ya kwanza wanayotaja kabla hata ya ng'ombe, na mtu anayeujua mkoa wetu hatauliza kwa nini.

Kwa wenzetu Kenya ipo pia, Wakamba wanamwita yule mke iweto, Wakisii wanayo, na Wanandi ndo wamelipeleka mbali zaidi. Kwa Mnandi mama anayeoa anahesabiwa amepandishwa, yaani amepanda kuwa mwanaume kabisa, kuanzia siku hiyo haruhusiwi kwenda na mwanaume wala kuzaa tena, na kwenye mambo ya mirathi anasimama kama baba. Mwaka 2011 Mahakama Kuu pale Mombasa ilipata kesi ya mirathi ya namna hiyo, bibi amefariki, mke wake na watoto wa mke wake wanadai mali, ndugu hawataki, na jaji akasema ndoa hiyo ni ya kimila na hao ni warithi halali. Mwanasheria mmoja rafiki yangu alipoisoma alicheka mpaka akatoa machozi, anasema darasani walijifunza kila aina ya ndoa isipokuwa hii ambayo bibi yake mwenyewe alifunga.

Ila ukiangalia kwa karibu, huko kupandishwa kuna ujanja ndani yake. Kwenye ng'ombe na shamba na urithi wewe ni mwanaume. Kwenye sufuria, mambo yako palepale. Umepewa cheo, hujapewa likizo.

Haya, twende Dahomey, maana hapo ndo nimekaa usiku mwingi kuliko kwingine. Dahomey ni ule ufalme uliokuwa sehemu ya kusini ya nchi tunayoita leo Benin, makao yake makuu Abomey. Wana jeshi la wanawake, na sio wanawake wa kupiga vigelegele nyuma ya jeshi, ni askari wa mstari wa mbele, maelfu, wenye magobole na mapanga, na kikosi kingine kina wembe mkubwa wa kukunja, mrefu karibu kama mkono. Mfalme Ghezo aliyechukua kiti 1818 ndiye aliyewakuza wakawa jeshi hasa, la kudumu. Wanaitwa Agojie, na jina lingine ni Mino, ambalo kwa Kifon maana yake mama zetu. Sasa hao mama zetu walikuwa marufuku kuzaa. Kisheria wote ni wake za mfalme, mfalme mwenyewe wengi wao hata hawajui majina, lakini akiguswa na mwanaume mwingine ni kifo, wote wawili. Wakitoka ikulu kwenda mjini kunatangulia mtumwa msichana anapiga kengele, na kila mwanaume akisikia kengele anapisha njia na kuangalia pembeni. Unaona hiyo picha? Una bunduki begani, umeua watu vitani, na bado unatangulizwa kengele mwanaume asikuone.

Mazoezi yao Wazungu waliofika kule wameyaandika sana. Wanajenga boma la miiba, miiba ile mikali ya kweli, halafu wanawake wanaamriwa kulivamia pekupeku, wanapanda wanashuka wanarudi wanachuruzika damu, na aliyefanya vizuri anapewa zawadi. Zawadi yenyewe ni mkanda wa miiba. Anaufunga kiunoni. Mi nilisoma hapo nikaweka simu chini kwanza.

Walikuwa na wimbo, ofisa mmoja wa Kiingereza aliyefika Abomey mwaka 1849 na 1850 aliuandika, ambao maana yake ni kwamba kama mhunzi anavyochukua chuma akakitia motoni akakibadilisha umbo, ndivyo sisi tulivyobadilishwa, sisi si wanawake tena, ni wanaume. Na binti mpya akiua adui wake wa kwanza vitani wakubwa zake walikuwa wanamwambia hivi: sasa wewe ni mwanaume. Aisee. Ni yule mzee wa Lamadi kabisa kabisa, ila yeye alitaka tairi tu. Na tusi lao kubwa kwa askari muoga, wakimtupia hata askari wa kiume, lilikuwa kumwita mwanamke. Wanawake wanatukanana kwa neno mwanamke. Nilitamani kucheka ila nikakumbuka na mi shuleni nilikuwa namwambia mdogo wangu "acha kulia kama msichana", na mimi ni msichana.

Wasichana wa siku hizi wamewafanya Agojie kama malaika wa ukombozi, wanaweka picha zao kwenye wasifu wa simu, sina neno, ila mambo mengine yasemwe. Hilo jeshi kazi yake kubwa kwa miaka mingi ilikuwa kuvamia vijiji alfajiri na kukamata watu, na hao watu waliuzwa pwani pale Ouidah wakapakiwa melini. Utajiri wa Dahomey ulitoka huko, biashara ya mafuta ya mawese imekuja baadaye na haikufuta hilo. Na baadhi ya hao askari wenyewe walikuwa mateka waliochukuliwa wakiwa wadogo. Kwa hiyo unamsifia ushujaa, sawa, alikuwa shujaa wa hatari, ila kuna mama mwingine wa Kiyoruba kijijini kwake alimuona huyo shujaa anaingia mlangoni asubuhi na akatamani angekuwa amezaliwa mahali pengine. Mwaka 1851 walipoushambulia mji wa Abeokuta walishindwa vibaya, na inasimuliwa kwamba Waegba, wenyeji wa mji huo, walipogundua wanaopigana nao ni wanawake walipandwa na hasira ya aibu wakapigana mara mbili. Yaani hata risasi inauma zaidi ukijua imetoka kwa nani.

Wafaransa ndo waliowamaliza. Vita ya 1890 kisha ya 1892, wana bunduki za kisasa upande wao, na askari wa Kifaransa waliandika nyumbani kwao kuhusu hawa wanawake kwa woga na heshima mchanganyiko. Novemba 1892 Abomey ikaanguka, Mfalme Béhanzin akajisalimisha Januari 1894 wakampeleka uhamishoni Martinique. Wale wanawake waliobaki hai wakarudi mitaani. Mimi hapo ndo huwa nakwama. Mtu amekaa ikulu tangu ana miaka kumi, amefundishwa kwamba si mwanamke, leo ikulu haipo, anaambiwa haya nenda kaolewe. Mmoja aliyeitwa Nawi, anayetajwa kama wa mwisho aliyefahamika, alifariki 1979, bibi kizee wa kijijini. 1979! Mama yangu alikuwa ameshamaliza darasa la saba. Na mwaka 2022 serikali ya Benin ikazindua sanamu pale Cotonou, mwanamke wa shaba nyeusi ana bunduki na panga, urefu mita 30. Nimeiangalia kwenye picha mara nyingi. Miguu imekaa kama ya mtu anayejua kurukia spana.

Nisisahau Albania, kwa ufupi tu, maana watu hudhani mambo haya ni ya Afrika peke yake. Kule milimani kaskazini kulikuwa na sheria ya kimila inaitwa Kanun, na ndani yake mwanamke anafananishwa na gunia, kazi yake kubeba na kuvumilia. Sasa kulikuwa na visasi vya damu vya ukoo kwa ukoo, wanaume wanauana mpaka nyumba inabaki haina hata mmoja. Hapo binti anaweza kwenda mbele ya wazee akaapa kutoolewa wala kulala na mwanaume maisha yake yote, ananyoa nywele, anavaa suruali, anapewa bunduki, anarithi nyumba, anakaa na wanaume anavuta sigara na kunywa raki, pombe yao kali, na wote kuanzia siku hiyo wanamwita yeye mwanaume. Jina lao burrnesha, limetoka kwenye neno lao la mwanaume. Wapo wachache sana waliobaki hai mpaka miaka hii, wazee. Huko Ulaya milimani na huku kwetu Mara hawajawahi kukutana hata siku moja lakini tatizo ni lile lile, nyumba bila mwanaume haina mwenyewe, na dawa ni ile ile, mtafute mwanamke mmoja mumfanye mwanaume. Hakuna aliyesema tubadilishe sheria ya nyumba. Ni rahisi kubadilisha mtu.

Sasa stori iliyonifanya niandike hii posti hasa ni ya migongo na ngoma. Ngoja niieleze vizuri.

Njinga wa Ndongo, kule Angola, wengi mnamjua. Mwaka 1622 alitumwa na kaka yake mfalme kwenda Luanda kuzungumza na gavana wa Kireno. Gavana amekaa kwenye kiti, Njinga amewekewa mkeka chini. Hakukaa. Akamuita mtumishi wake akainama kwa magoti na mikono, Njinga akakalia mgongo wake akaongea na gavana macho kwa macho. Baadaye akawa mtawala mwenyewe, akapigana na Wareno miaka na miaka mpaka wakatia saini amani 1656, akafa 1663 akiwa na miaka kama themanini, kitandani kwake. Na katika utawala wake alikuwa na waume wengi, akawavisha nguo za kike. Huyu hakuridhika kupanda yeye, aliona na wao washuke.

Halafu njoo Murang'a, karibu miaka mia tatu baadaye. Wangu wa Makeri, mwanamke pekee aliyepewa uhedimani, yaani ukuu wa eneo chini ya chifu, kwa Wakikuyu enzi zile za Mwingereza, kuanzia 1902. Wazungu walikuwa wanataka kodi ya nyumba, chifu mkubwa Karuri wa Gakure akampa Wangu kazi, na Wangu akaifanya kwelikweli. Sifa yake iliyobaki mpaka leo, muulize Mkikuyu yeyote, ni kwamba alikuwa anakalia migongo ya wanaume. Wasiolipa kodi. Unainama, mama anakaa, kikao kinaendelea. Wanaume wakakaa migongo juu, wakavumilia miaka saba.

Kilichomuondoa ni ngoma. Kuna ngoma inaitwa kibaata, ya wapiganaji wanaume, mwanamke haingii. Mwaka 1909 Wangu akaingia uwanjani akacheza. Wengine wanasema alicheza uchi, wengine wanasema nguo ilidondoka, wengine wanasema hizo nguo ziliongezwa na wanaume ili stori inoge, na mi nina kura yangu hapo. Ila wote wanakubali kwamba baada ya ngoma hiyo cheo kikaisha. Kodi, sawa. Viboko, sawa. Kukalia mgongo wangu, basi tutafanyaje. Ngoma yetu? Hapana mama, umezidi.

Nilidhani hiyo ni bahati mbaya ya Wangu mpaka nilipokutana na Ahebi Ugbabe. Huyu ni Muigbo wa Enugu-Ezike, Nigeria. Akiwa binti mdogo walitaka kumtoa aolewe na mungu wa kijiji kulipia kosa la baba yake, akatoroka, akaenda kuishi nchi ya Waigala, akafanya biashara zote pamoja na ile ya mwili, akajifunza lugha, na Waingereza walipofika akawa mtu wao. Akarudi nyumbani na nguvu hizo. Mwaka 1918 akafanywa chifu wa serikali, mwanamke, kitu ambacho hakikuwepo, baadaye akawa eze, mfalme kabisa. Akaoa wake zake mwenyewe, watoto wakaitwa kwa jina lake. Kila kilichofanywa na mwanaume mkubwa kwa Waigbo alikifanya, kikabaki kimoja, kinyago. Yale mazimwi ya mababu yanayotoka yamefunikwa mwili mzima, siri yake wanaijua wanaume tu, mwanamke akiyaona anakimbia. Mwaka 1939 Ahebi akatoa kinyago chake. Wazee wakakikamata. Kesi ikaenda mpaka kwa Waingereza, wale wale aliowasaidia, nao hawakumtetea. Kuanzia hapo nguvu zake zikawa zinamwagika tu kama maji kwenye tenga.

Yaani mmoja Murang'a, mwingine Enugu-Ezike, hawajuani, miaka thelathini katikati, na wote wawili ukuta walioukuta uko palepale, kwenye mchezo. Sio kwenye mali wala bunduki. Mi nilikuwa nadhani wanaume wakikuachia pesa na amri watakuwa wamekuachia vyote, kumbe hayo ndo mambo madogo, jambo lenyewe wamelificha kwenye ngoma. (Kuna jamaa yangu nilimsimulia hii akaniambia "sasa si uende tu uanzishe ngoma yako", na kusema kweli hilo ndo jambo la pili la akili aliloniambia tangu tufahamiane.)

Maana kuna aliyefanya hivyo hivyo. Mekatilili wa Menza, Mgiriama. Jina lake la kuzaliwa ni Mnyazi, Mekatilili maana yake mama yake Katilili. Huyu hakupandishwa na mtu, hakuapa kuacha uanamke, hakuvaa suruali. Mwaka 1913 Waingereza wanataka vijana wa Kigiriama wakafanye kazi na wanataka kodi, Mekatilili ni mjane mtu mzima, anazunguka vijiji na ngoma ya kifudu, ngoma ya mazishini, anacheza, watu wanajaa, halafu ndo anaongea. Ngoma yake mwenyewe. Hakuna mzee wa kumwambia umeingia uwanja usio wako. Na ile hadithi ya kuku kila mtoto wa pwani ya Kenya anaijua, kikao cha Agosti 1913 na yule ofisa Arthur Champion, Mekatilili akaja na kuku mwenye vifaranga, akamwambia haya chukua kifaranga kimoja, Mzungu akanyoosha mkono kuku akamdonoa, Mekatilili akasema umeona, ndivyo itakavyokuwa ukijaribu kuchukua watoto wetu. Anatishia serikali kwa mfano wa mama kuku! Hakusema simba, hakusema dume la ng'ombe. Wakawalisha watu viapo Kaya Fungo, msitu mtakatifu wa Wagiriama, wanawake kiapo chao, wanaume chao. Oktoba wakamkamata pamoja na mwenzake Wanje wa Mwadorikola wakawatupa mpaka Kisii, huko magharibi kabisa, na mwaka uliofuata wakatoroka wakarudi pwani kwa miguu. Waingereza wakailipua Kaya Fungo kwa baruti Agosti 1914, ndo vita ikawaka.

Nilifika nyumbani Musoma siku ile jioni, mama kapika sato na ugali wa muhogo, nikamsimulia pancha na wale wazee. Mama akacheka mpaka akashika mbavu, akasema "afadhali hao, zamani wangekuambia utakosa mume". Halafu nikamuuliza kitu kilichokuwa kinanisumbua tangu Bunda. Mama, hivi Bibi alipofariki ilikuwaje? Mimi nilikuwa shule ya bweni sikuwepo. Maana yule Ahebi, nilikuja kusoma baadaye, mwaka 1946 alijifanyia matanga yake mwenyewe akiwa hai, miaka miwili kabla ya kufa, kwa sababu hakuwaamini kwamba watamzika kwa heshima ya cheo chake. Hilo swali kumbe linazunguka watu wengi.

Mama akanyamaza akitoa miba ya samaki. Akasema kulikuwa na maneno. Ndugu za marehemu mume wa Bibi walikuja na lori, wengine hawakuwahi kuonekana pale hata siku moja, wakataka kujua nani atashika jembe kwanza, na kama huyu ni mama azikwe kama mama au azikwe kama mwenye mji. Wakabishana mpaka jua limeinama. Mwisho yule kijana mkubwa, yule tuliyekuwa tunacheza naye rede, alikuwa na miaka kumi na tisa, akachukua jembe tu bila kuuliza akatupa udongo, na wazee wakafuata kwa sababu hawakuwa na la kufanya.

"Na mke wake je?"

"Alikaa kama mkwe," mama akasema, "akalia kama mjane."

Akaniangalia. "Na spea yako umeipeleka kuzibwa?"

Sikuwa nimeipeleka. Kesho yake asubuhi nikaenda kwa kijana mmoja anaziba pancha karibu na soko, akaziba lile tairi, akaanza kufungua nilipofunga mimi kule porini ili alirudishe. Akasukuma spana. Haikwenda. Akasukuma tena. Akavua kofia, akapanda juu ya spana na miguu miwili.

"Dada samahani," akasema, "aliyekaza hizi nati alikuwa na hasira na nani?"